Kuuza vitabu vya baba mdogo pamoja na santuri na madeki yake hapa Moshi

Wadau naandika hii kwa yeyote mwenye mzee nyumbani aliyejaza vitabu vya kisomi chumba kizima, na sebuleni kuna deki, santuri, kanda za video na DVD zimepangwa mpaka juu ya kabati, na sasa familia inataka vitoke. Nimelipitia hilo hapa Moshi na bado kuna vitu vimebaki stoo. Ninachotaka mjue toka mwanzo ni kwamba ule sio mzigo mmoja, kila kitu mle ndani kina mtu wake anayekitafuta na kazi yako ni kumpata huyo mtu. Ukiuuza kama mzigo mmoja utapewa bei ya karatasi za kufungia karanga.

Baba mdogo amefundisha mambo ya ushirika na historia ya uchumi karibu maisha yake yote ya kazi. Amestaafu siku nyingi, miguu ikaanza kumsumbua, mtoto wake mkubwa akasema wazee wahamie kwake Dodoma na nyumba ya hapa mtaa wa Soweto ipangishwe. Mpangaji akapatikana haraka kuliko tulivyotegemea. Mimi ndio niko karibu, nina duka langu dogo Majengo, kwahiyo ndugu wote wakaniangalia mimi.

Wa kwanza kuja ni dalali mmoja kaletwa na jirani. Akasimama mlangoni tu, hata kitabu kimoja hakufungua, akasema vitabu atachukua kwa kilo, hizo DVD na kanda atatupa kwa niaba yetu, na muziki ule wote pamoja na spika zake atatoa kitu kidogo, jumla yote 150,000. Mama mdogo alikuwa tayari kukubali, alishachoka na vumbi na kusafiri kulikuwa kunakaribia. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti chake hajasema neno, akanyanyuka polepole akaenda chumbani kulala, na ilikuwa saa tano asubuhi. Nikamwambia yule kaka asante tutakupigia. Jioni nikamfuata mzee nikamuuliza baba unatakaje, akaniambia, "Mwanangu, kitabu mpe atakayekisoma. Hela ikipatikana vizuri, isipopatikana basi, ila usikipeleke kwa muuza karanga."

Kwahiyo cha kwanza pigania muda. Tuliongea na mpangaji, akakubali stoo ya uani ibaki kwetu ila tumpunguzie kodi 20,000 kila mwezi, nayo hiyo ni gharama ihesabu kabisa maana ukisahau utajiona umepata faida ambayo hujapata. Kingine malizeni kwanza nyumbani nani anaamua na hela inaenda wapi. Sisi mzee yupo hai na akili zake timamu, yeye ndio mwenye neno la mwisho, hela ilikuwa ya matibabu yake, tukaandika kwenye grupu la familia kila mtu akasoma. Kama mwenye vitu ameshatangulia mbele za haki msiuze hata kijitabu kabla ya kikao cha ukoo na msimamizi wa mirathi kuteuliwa na mahakama, hasa zile spika na tivi, maana hapo ndipo ndugu hugombana, watu wanasema ni vitabu tu lakini siku ikijulikana vimeuzwa bei nzuri kila mtu anakumbuka aliahidiwa.

Stoo yenyewe iandaeni. Sakafu ya simenti masika hii ya huku Kilimanjaro inatoa unyevu hata kama huoni maji, na mchwa wanapanda toka chini. Tulitandika mbao juu ya matofali, maboksi juu yake, tukaacha nafasi kati ya boksi na ukuta. Kitabu kilichopata ukungu kitenge pembeni peke yake, kianikwe kivulini penye upepo, usikiweke juani mchana kutwa maana jalada linajikunja na gundi ya mgongoni inakatika.

Sasa kuchambua. Hii ndio kazi yenyewe na ndio iliyonichukua muda mrefu kuliko kuuza. Kila kitabu nilikishika kwa mgongo nikakitikisa kichwa chini. Vilidondoka vitu jamani! Risiti za kahawa, barua za marehemu bibi, picha ya pasipoti ya baba mdogo akiwa kijana ana nywele nyingi, cheti cha ubatizo cha mtoto ambacho mama mdogo alikitafuta miaka, na hela za zamani zilizoshafutwa. Hivyo vyote vikaingia kwenye bahasha moja kubwa ikaenda Dodoma. Alafu angalia mihuri. Kitabu chenye mhuri wa maktaba ya chuo au ya mkoa sio chako hata kama kimekaa kwenye shelfu yenu miaka thelathini, ukikiuza unauza mali ya umma. Tulivikuta kadhaa, nikavirudisha, mkutubi alifurahi hakuuliza hata swali.

Maandishi ya kalamu ya risasi pembeni mwa kurasa usifute. Mimi nilifikiri yanashusha bei na kwa kitabu cha kawaida ni kweli yanashusha, ila mzee wetu alikuwa anabishana na mwandishi humo pembeni, anaandika mwaka, anaandika jina la kijiji alichofanyia utafiti, na watafiti waliokuja kununua ndio walikuwa wanayasoma hayo kwanza.

Kitu kilichonishangaza kuliko vyote ni kwamba vile vitabu vinene vya jalada gumu, vinavyovutia macho, ndio vilikuwa vigumu kuuza. Ensaiklopidia hakuna anayetaka. Vitabu vya udaktari vya zamani wanafunzi wa hospitali ya KCMC walivigeuza wakaangalia mwaka wa toleo wakavirudisha kwa heshima, na wana haki, dawa na vipimo vimebadilika. Vya sheria hivyohivyo. Vya sekondari ndio kabisa, mtaala mpya ulianza kutumika 2024 na mzazi anataka kile alichoandikiwa mwanae shuleni.

Lakini kulikuwa na boksi moja la vijitabu vyembamba, vimebanwa na pini za stepla zilizoota kutu, vingine havina hata jalada. Taarifa za mwaka za vyama vya ushirika, miongozo ya kilimo cha kahawa toka kituo cha utafiti Lyamungu, vijitabu vya TANU vya kipindi cha Azimio la Arusha 1967, hotuba. Mama mdogo alishayatenga kwa ajili ya kuwashia moto. Bora mzee aliliona. Hayo ndio watu wanaoandika historia wanayatafuta kwa tochi, maana kitabu kikubwa kimechapwa maelfu kipo maktaba nyingi duniani, wakati taarifa ya chama ilichapwa chache, ikasomwa kwenye mkutano, ikafungiwa sukari. Na mkoa wetu hapo ni tajiri, chama cha wakulima wa kahawa wa asili hapa Kilimanjaro kilianza 1925, KNCU, chama kikuu cha ushirika, ikafuata 1933, alafu 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika vyote nchini na viliporudi miaka ya themanini mwanzoni makaratasi mengi yalikuwa yameshapotea. Kwahiyo mtu akibakiwa na makaratasi ya kabla ya hapo nyumbani kwake ameshika kitu. Mtafiti mmoja alichukua boksi lile lote kwa 400,000, na kabla hajalipa nilipiga picha kila jalada ili familia ijue kilichoondoka.

Jinsi ya kuangalia kitabu: fungua ukurasa wa nyuma ya ule wenye jina. Pale kuna mchapishaji, mwaka wa kwanza na miaka ya kurudiwa kuchapwa. Mfano kile cha Walter Rodney kuhusu Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972, Tanzania Publishing House ya Dar pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London, na kimerudiwa mara nyingi baada ya hapo. Nakala ya 1972 mkusanyaji analipa vizuri, nakala ya baadae ni ya kusomea tu na bei yake ni ya kusomea. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare nayo, ukiona jaladani imeandikwa Julius Caezar hiyo ni ya 1963, ukiona Juliasi Kaizari ni ile aliyoipitia upya ikatoka 1969. Sisi tulikuwa na ya 1969, imeliwa pembeni na wadudu, nikasema wazi kwa mnunuzi na nikampigia picha palipoliwa, akanunua hivyohivyo kwa 25,000. Sema ubovu wote mapema, mtu wa vitabu anasamehe ukurasa uliochanika ila hasamehi kufichwa.

Ile namba ya utambulisho wa kitabu, ISBN, inasaidia kutafuta bei mtandaoni, ya tarakimu 13 ni kuanzia 2007, ya tarakimu 10 ni ya kabla ya hapo, na vitabu vya miaka ya sitini kurudi nyuma havina kabisa, hivyo utafute kwa jina, mwandishi, mchapishaji na mwaka. Na ile bei unayoiona ya dola usiishike, huyo ni muuzaji wa Marekani au Uingereza anayesubiri miaka, na posta kwa kitabu kizito inakula nusu ya hela.

Wateja niliwapata wapi. Picha nzuri za mchana, vitabu kumi kumi kwenye picha moja, migongo inasomeka, nikaweka status na kwenye magrupu ya vyuo. Vya ushirika na uhasibu vikaenda kwa wanafunzi na walimu wa pale MoCU, chuo kikuu cha ushirika hapa Moshi, vya falsafa na elimu chuo cha Mwenge, vya teolojia akaja mchungaji toka upande wa Makumira kule Arusha na gari yake akajaza buti. Bei nilianzia 3,000 kwa vya kawaida mpaka 15,000, vya nadra vikaenda peke yake. Mwanafunzi mmoja wa kike alikuja na elfu nane mfukoni, akakaa chini stoo akaanza kusoma kitabu kimoja cha mikopo vijijini, jua likazama nikamwashia taa ya simu. Hakuweza kununua vyote alivyovitenga. Nikampigia baba mdogo laivu kwa video, wakaongea karibu saa nzima kuhusu utafiti wake, mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu ahame, akaniambia mpe hivyo, achukue. Akaondoka na vitano kwa hiyo elfu nane. Sijutii hata shilingi, na mtu akiniuliza siku nzuri kuliko zote katika kazi hii ni hiyo.

Seti usizivunje. Tulikuwa na ile Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO, juzuu nane, na kila mtu alitaka mbili tatu. Zikibaki tano zilizoachwa hazina mtu. Ilibidi tusubiri sana mpaka mwalimu mmoja wa historia akazichukua zote kwa awamu mbili za malipo.

Turudi sebuleni sasa, maana huku ndio nilikuwa sijui kitu na nilijifunza kwa fundi mmoja wa redio pale karibu na stendi, mzee mtaratibu sana.

DVD zitenge mara mbili, orijino na za kuchomwa. Geuza sahani, orijino kwa chini inang'aa fedha, ya kuchomwa ina rangi ya zambarau au bluu. Za kuchomwa hatukuuza hata moja, wasanii wetu wa filamu wameumia sana na hizo na sheria ya hakimiliki ipo. Za orijino za Bongo muvi za enzi zile kina Kanumba bado ziko hai zina wapenzi wake, watu wanazitaka na kava lake, sahani bila kava haina bei. Zile ambazo baba mdogo alinunua akiwa masomoni Ulaya zina alama ya namba ndogo kwenye ramani ya dunia nyuma ya kava, kanda ya 2, yaani eneo la dunia sahani ilikotengenezewa kuuzwa, na huku kwetu ni kanda ya 5. Deki nyingi za bei rahisi zinazouzwa mjini zinacheza zote ila kuna deki zinazokataa, kwahiyo mwambie mteja ajaribu mbele yako. Za Marekani ni kanda ya 1 na mfumo wa picha ni NTSC wakati sisi tunatumia PAL, kwenye tivi za chogo za zamani unaweza ukapata picha nyeusi na nyeupe ukafikiri sahani mbovu kumbe tivi ndio haielewi. Kwenye flati haina shida. Kusafisha futa toka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, kwa kitambaa laini, usizungushe.

Kanda za VHS kabla hujaamua chochote cheza kila moja yenye maandishi ya mkono. Tulikuta kipaimara, tukakuta harusi ya shangazi, tukakuta babu anaongea Kibosho mwaka 1994, babu ambaye wajukuu wengi hawajawahi kusikia sauti yake. Fundi alituhamishia kwenye flashi kwa 10,000 kila kanda na kwa mambo yote niliyolipia hiyo ndio hela iliyokwenda mahali pake. Vunja kale kaplastiki kadogo ubavuni mwa kanda ili mtu asije akarekodi juu yake.

Santuri zilikuwa zimelazwa zimepangana, za chini zimejipinda. Zisimamishe kama vitabu na zikae mbali na dirisha. Zile ndogo za spidi 45 za bendi zetu za zamani, nyingi zilitengenezwa Nairobi na wimbo mrefu ulikatwa katikati sehemu ya kwanza upande huu sehemu ya pili upande ule, hizo usiuze kwa jumla. Wanunuzi wako zaidi Arusha, madijei na wenye sehemu za kahawa na wageni, walikuja wakasikiliza moja moja. Mikwaruzo inaonekana kwa macho ukiishika pembeni ya taa, ila sikiliza pia. Na sindano ya gramafoni ikiisha makali inachuna santuri, fundi alikataa kabisa kujaribia kwa sindano ile ya mzee mpaka tukanunua nyingine.

Amplifaya hapo nisikilizeni vizuri. Ya baba mdogo ilitoka Marekani, nyuma ina kibandiko cha volti 120, na umeme wetu ni 230. Miaka yote aliitumia na transfoma nzito iliyokuwa nyuma ya kabati, na wakati wa kuhamisha ile transfoma iliwekwa na vyuma chakavu. Kijana aliyekuja kununua alishashika waya anatafuta soketi, fundi akamshika mkono. Ingeungua palepale mbele yetu. Soma kibandiko cha nyuma cha kila kitu kilichotoka nje, na kama kina transfoma yake vifungeni pamoja kwa kamba na uandike. Iliuzwa na spika zake mbili kwa 500,000, baada ya kusikilizwa kwa sauti ndogo na kubwa mpaka jirani akaja kuuliza kuna sherehe gani.

Malipo. Meseji ya muamala sio hela. Mtu mmoja wa mbali alinitumia meseji inayofanana kabisa, jina, kiasi, namba ya kumbukumbu, kisha akapiga anasema amezidisha nimrudishie 70,000. Niliingia kwenye menyu nikaangalia salio, hakuna kitu. Angalia salio kila mara, hata mteja akiwa anakuharakisha basi linaondoka. Na anayetaka umuwekee kitu atoe kishika uchumba, wasiotoa wengi hawarudi.

Kusafirisha, tumia maboksi madogo ya sabuni au biskuti, boksi kubwa likijaa vitabu linapasuka chini na wapakizi wa stendi hawatalibembeleza. Kila boksi nilifunga nailoni ndani, maana buti la basi linaingiza maji. Kirikuu toka Soweto mpaka stendi 15,000, maboksi, gundi, bando, fundi, ile kodi iliyopunguzwa, asilimia ya vijana walioniletea wateja, vyote nikaviandika kwenye daftari moja. Baada ya kutoa hivyo vyote mzee ametumiwa zaidi ya 1,700,000, na yule dalali alishanipigia kuuliza kama kuna kilichobaki.

Kipo kidogo. Ensaiklopidia mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi kule Kibosho amesema atazipokea, nasubiri shule zifunguliwe nizipeleke. Maktaba ya mkoa niliwapelekea orodha kwanza wachague, wakachukua vya Kiswahili na vya historia, nanyi fanyeni hivyo, msiende kubwaga maboksi mlangoni kwao. Kanda za filamu za kawaida zimebaki na deki yake inayofanya kazi, hizo nitaziuza pamoja maana aliyebaki na kanda bila deki ananunua deki, na mwenye deki anataka kanda. Vitabu vitatu baba mdogo amebadili mawazo ameniambia nisiviuze, nimtumie Dodoma, na vimeshafungwa.